Urefu wa Hasheem, miguu ya Bismack

Goli la netiboli kwenye uwanja wetu wa vumbi hapa Iguguno ni nguzo ya bomba iliyoinama kidogo kuelekea barabara kuu, na ringi yake haina wavu. Siku moja niliazima futi ya fundi seremala nikalipima. Likanipa mita tatu na ushee. Kipimo halali ni mita 3.05, na hicho hicho ndicho kimo cha ringi ya mpira wa kikapu popote duniani, iwe Dar es Salaam, Madrid au Toronto. Ringi ya kikapu ni pana zaidi, sentimita 45 kwa 38, na ina ubao nyuma yake. Kimo hakibadiliki. Mtoto anayerusha mpira hapa, malori ya kwenda Nzega yakipita upande mmoja na alizeti ikiwa imeinamisha vichwa upande wa pili, anarusha kwenda juu sawasawa na wale wanaolipwa mamilioni ya dola.

Jioni moja vijana walikuwa wamegawana timu pale, mmoja wao mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Mtu mzima aliyekuwa akiwasimamia akampa kazi yake: "Wewe simama hapo chini ya ringi, usihangaike. Mpira utakufuata." Nilishtuka, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa sekondari, nikayashika, nikacheza miaka minne kama nguzo ya pili. Yanatolewa kwa nia njema, tena na watu wanaotupenda. Lakini yanamwibia mtoto mrefu kitu ambacho baadaye hakinunuliki kirahisi, na sijui mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko safari za watu wawili waliotoka kwenye miji inayozungumza Kiswahili wakafika kileleni kwa kazi moja, ya kuzuia mpira usiingie ringini. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, na Bismack Biyombo wa Lubumbashi.

Hasheem ana mita 2.21. Bismack ana 2.03. Tofauti yao inakaribia shibiri nzima, na kwa mzuiaji wa chini ya ringi shibiri ni utajiri. Mwaka 2009, timu za NBA zilipokuwa zikichagua vijana wapya, Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem akiwa wa pili. Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin. Waliomfuata ni pamoja na James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA aliingilia mlango wa mbele. Miaka miwili baadaye Bismack naye akachaguliwa, wa saba. Hasheem alicheza mechi 224, na mwaka 2014 safari yake katika ligi ile ikaishia hapo. Bismack alikuwa bado anavaa jezi ya timu ya NBA mwaka 2025.

Nimesikia sababu nyingi zikitajwa vijiweni: bahati, majeraha, uvivu, hata uchawi. Mimi naona sababu iko chini, kwenye viatu.

Tumtazame kwanza Hasheem akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, kati ya 2006 na 2009, chini ya kocha Jim Calhoun. Kumbuka kwamba mchezo huu alikuwa ameuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka saba au minane ya kudunda mpira. Katika misimu mitatu alizuia mipira 118, kisha 147, kisha 152. Jumla 417. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, aliitwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, mojawapo ya ligi ngumu kabisa za vyuo wakati ule, na mwaka wake wa mwisho timu ilifika nusu fainali ya taifa. Namba hizi hazikutokana na bahati. Wapinzani walikuwa wakiingia kwenye eneo lake, wanainua macho, wanaona mkono, wanageuza njia. Mipira iliyogeuzwa njia haihesabiwi popote, na nadhani ilikuwa mingi kuliko ile 417.

Sasa angalia nyumba aliyokuwa anailinda. Boksi lililopakwa rangi chini ya ringi lilikuwa na upana wa mita 3.66 katika viwanja vya vyuo vya Marekani. Kwa mtu wa urefu wake, hiyo ni hatua mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Tena kanuni za vyuo zilimruhusu mlinzi kusimama humo kwa muda anaotaka. Calhoun alifanya jambo la akili kabisa: alimweka Hasheem pale, akawaambia walinzi wa nje wambane mwenye mpira na wasiogope kupitwa, kwa kuwa anayewapita anaelekea kwenye mkono wa Hasheem. Timu nzima ilijengwa kuzunguka mtu aliyesimama.

NBA ilikuwa imebadilisha hesabu hiyo tangu msimu wa 2001–02. Boksi la NBA lina upana wa karibu mita 4.9, na mlinzi hawezi kukaa humo zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabi mtu aliye umbali wa mkono kutoka kwake. Akikaa, wapinzani wanapewa mrusho wa bure na mpira unabaki kwao. Nyumba imepanuliwa, na mwenye nyumba analazimishwa kutoka nje kila baada ya sekunde tatu. Yote aliyoyajua Hasheem yalijengwa juu ya kubaki ndani.

Hilo peke yake angeweza kulizoea. Kilichomchosha zaidi ni skrini. Mchezaji mfupi mwenye mpira yuko mita saba kutoka ringini. Mchezaji mkubwa wa upande wake anapanda mpaka pale, anasimama kama gogo kwenye njia ya yule anayemkaba, na mfupi anapita ubavuni mwa gogo. Kwa nusu sekunde mkabaji wake ameachwa nyuma, na anayepaswa kuamua ni Hasheem. Akibaki nyuma karibu na ringi, mfupi anasimama na kurusha kwa pointi tatu. Akitoka kumfuata, yule gogo anageuka na kukimbilia ringini, na Hasheem lazima ajizungushe arudi naye. Akibadilishana watu na mwenzake, anabaki uwanjani peke yake na kijana wa mita 1.90 anayedunda mpira chini ya magoti yake. Njia zote tatu zinaomba miguu: kurudi nyuma kwa hatua fupi, kugeuza nyonga, kwenda upande bila kukutanisha visigino. Harden na Curry, waliochaguliwa nyuma yake usiku ule ule, ndio waliokuja kuifanya skrini hiyo kuwa mkate wa kila siku wa ligi. Hasheem aliingia mlangoni wakati nyumba yenyewe inageuzwa kuelekea upande mwingine.

Dalili ilikuwa imeonekana mapema. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut walicheza na Pittsburgh. Aliyemkabili alikuwa DeJuan Blair, mwenye urefu wa mita 2.01, mnene, mwenye nyonga pana. Kuna tukio moja kwenye mechi ile ambalo wapenzi wa kikapu wamelirudia mara nyingi: wawili hao wanagombea mpira uliorudi kutoka ringini, mikono yao inanasana, na Blair anamzungusha Hasheem juu ya bega hadi chini. Wengi wanaliangalia kama kituko cha nguvu. Ukilitazama polepole, shughuli iko kiunoni. Blair amekunja magoti, makalio yamekaa chini, kiuno chake kiko chini kabisa ya cha Hasheem. Hasheem amesimama karibu wima, anaunyooshea mpira mkono. Mwenye kiuno cha chini humbeba mwenye kiuno cha juu. Analijua hilo yeyote aliyewahi kupandisha gunia la vitunguu kwenye lori. Blair alimaliza na pointi 22 na mipira 23 iliyorudi, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Hapa lazima nimtendee haki Hasheem: msimu huo waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na Blair hakuwa na lolote la kufundisha kuhusu kuzuia mipira. Ila siku ile ilionyesha mahali pa kumshika.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo watu hawaifanyi. Msimu wake wa mwisho chuoni Hasheem alizuia wastani wa mipira 4.2 katika dakika kama 32, yaani mmoja kila dakika saba na nusu hivi. Msimu wake wa kwanza Memphis alizuia 1.3 katika dakika 13, yaani mmoja kila dakika kumi, dhidi ya wanaume wakubwa kabisa duniani. Mkono wake ulishuka kidogo tu. Zilizoporomoka ni dakika. Kocha hamwachi uwanjani mzuiaji anayechelewa kutoka na kuchelewa kurudi, kwa sababu anayechelewa hugusa mwili wa mtu badala ya mpira, na faulo zinamrudisha benchi. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya daraja la chini, apate muda wa kucheza. Mwaka uliofuata akauzwa Houston, kisha Portland, kisha akajiunga na Oklahoma City.

Na aliyekuwa anacheza nafasi yake pale Memphis alikuwa nani? Marc Gasol, Mhispania, aliyekuwa ametokea ligi kuu ya Hispania ambako mwaka 2008 aliitwa mchezaji bora. Gasol hakuwa mrukaji. Alipoinuka, chini ya viatu vyake hapakupita hata gazeti. Hata hivyo msimu wa 2012–13 alitangazwa mlinzi bora wa NBA yote, na mwaka 2019 akawa bingwa akiwa na Toronto Raptors ya Kanada. Alikuwa anafika kabla. Skrini ikianza kujengwa, yeye ameshapiga hatua moja kushoto na ameshampigia mwenzake kelele. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji maelfu ya dakika uwanjani ili aone mambo kama alivyoyaona Gasol, na nafasi ya kuzipata dakika hizo ilikuwa imekaliwa na Gasol mwenyewe. Memphis walikuwa wanatafuta ushindi, msimu ule walipata 40, hawakuwa na muda wa kumsubiri mtu ajifunze kutembea upya.

Bismack alipita njia nyingine kabisa. Aliondoka Lubumbashi akiwa kijana mdogo, akaenda kucheza Yemen, na kocha Mreno Mário Palma alipomwona akamfungulia mlango wa Hispania, kwenye klabu ya Fuenlabrada, mji ulio kusini mwa Madrid. Alianzia timu ya chini, na mapema mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akapandishwa ligi kuu. Ligi hiyo ina wanaume wa miaka 30 na zaidi wenye familia na mikataba ya kutetea, wanaojua kumweka kijana mgongoni na kumsogeza sentimita kumi bila mwamuzi kuona. Hakuna kocha wa Ulaya anayejenga timu nzima kumzunguka mgeni wa miaka 18. Bismack alipewa kazi tatu tu: weka skrini, kimbia, zuia. Alicheza mechi 14, chini ya nusu ya muda wa kila mechi, na bado akazuia zaidi ya mipira miwili kwa wastani.

Msimu huo huo, kuanzia Oktoba 2010, shirikisho la kimataifa lilikuwa limebadilisha mistari ya uwanja. Boksi la zamani lenye umbo la sufuria iliyofunikwa likawa mstatili wa mita 4.9, na mstari wa pointi tatu ukasogezwa nyuma hadi mita 6.75. Washambuliaji wakatawanyika. Kwa hiyo Bismack alijifunza kazi yake kwenye uwanja uliokwisha tanuka, akilazimika kutoka mbali zaidi kumfikia mrushaji na kurudi. Kanuni za Ulaya hazina zile sekunde tatu za mlinzi, ni kweli, lakini nafasi ya kusimama ilikuwa imeshapungua yenyewe. Aprili 2011, huko Portland, katika mechi ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani, akapata pointi 12, mipira iliyorudi 11 na mipira aliyozuia 10. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika mechi hiyo.

Ukimwangalia Bismack akizuia, usiangalie mruko wa kwanza. Angalia wa pili. Anaruka, mrushaji anamdanganya kwa kuushika mpira, Bismack anagusa chini kwa vidole vya miguu na kabla visigino havijafika sakafuni ameshapanda tena. Magoti yake hayanyooki kamwe. Hasheem, akishatua kutoka juu kule, alihitaji kukusanya mwili mrefu, kukunja magoti, ndipo aondoke tena, na mrushaji mwenye subira alikuwa ameshamaliza. Shibiri moja ya urefu inalipwa na sekunde ya ucheleweshaji, na kwenye NBA sekunde ni ghali kuliko shibiri.

Baada ya hapo Bismack akapata kitu ambacho Hasheem hakupata: timu mbovu. Sisemi kwa kejeli. Charlotte Bobcats ya 2011–12 ilishinda mechi 7 na kufungwa 59, uwiano mbaya kuliko wa timu yoyote katika historia ya ligi hiyo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumweka benchi kijana anayejifunza. Alicheza dakika 23 kwa mechi. Alikosea hadharani, usiku baada ya usiku, na keshoye akapangwa tena.

Matunda yake yaliiva Kanada. Toronto walimchukua mwaka 2015 kama mchezaji wa akiba nyuma ya Jonas Valančiūnas. Mlituania huyo alipoumia kwenye mechi za mtoano za 2016, Bismack akaingia, na Toronto wakafika fainali ya kanda ya mashariki kwa mara ya kwanza katika historia yao. Cleveland ya LeBron James ilikuwa haijafungwa hata mechi moja kati ya kumi za mtoano, na Toronto walikuwa wamepigwa mbili za mwanzo vibaya. Mechi ya tatu, tarehe 21 Mei 2016, Toronto wakashinda 99 kwa 84. Bismack alikamata mipira 26 iliyorudi na kuzuia minne.

Hiyo 26 inastahili kutazamwa kwa karibu. Cleveland walikuwa wakirusha kutoka mbali usiku kucha, na mrusho wa mbali ukikosa hurudi mbali, mita tatu au nne kutoka ringini. Aliyesimama chini ya ringi anaushuhudia ukimpita juu. Kyrie Irving na Kevin Love peke yao walirusha mara 28 na kuingiza 4. Bismack alikuwa anatoka kuziba mrusho, anageuka hewani, anatua akiwa tayari uso kwa ringi, anakimbia kwenye mpira. Ukizihesabu hatua zake kwenye tukio moja tu la ulinzi unapata mbili kwenda mbele, moja ya kando, kugeuka, tatu kurudi, mruko, mruko tena. Yote ndani ya muda ambao mtu anavuta pumzi mara mbili.

Sitaki kumfanya malaika. Mikono yake haishiki pasi vizuri, mirusho yake ya bure inakatisha tamaa, na hajawahi kufikisha wastani wa pointi 10 katika msimu wowote wa NBA. Majira ya joto ya 2016 Orlando walimpa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne, na hakuwahi kuonekana wa thamani hiyo. Lakini kila alipoishiwa soko, timu nyingine ilimpigia simu, kwa sababu mchezaji mkubwa anayeweza kutoka hadi mita saba na kurudi salama anahitajika kila mahali. Phoenix walipomwita mwaka 2022, mshahara wa msimu ule aliutoa ili ijengwe hospitali nyumbani Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Hilo halihusiani na miguu, ila nalitaja kwa kuwa linanigusa.

Hasheem naye hakuacha mpira. Alikwenda Japani, akaenda Taiwan, akaendelea kulipwa kwa mkono wake katika umri ambao wengi wa kizazi chake walishastaafu. Ligi ya Japani inafuata kanuni za kimataifa, bila sekunde tatu za mlinzi, na tena mzuiaji anaruhusiwa kuupangusa mpira uliokwisha gusa ringi, jambo ambalo NBA inalikataza. Alirudishiwa sehemu ya nyumba yake. Naamini kwa moyo wote kwamba angepata misimu miwili Ulaya kabla ya Memphis, kwenye klabu ndogo, akikosea mbele ya watazamaji elfu tatu, tungekuwa tunaandika habari nyingine leo.

Nilirudi uwanjani wiki iliyofuata. Yule kijana mrefu alikuwepo, na msimamizi wake, ambaye ni mtu msikivu, akaniruhusu. Tulichora kwa jembe mistari miwili kwenye vumbi, umbali wa mita tano, karibu upana wa boksi la Toronto. Nikamwomba afunge mikono nyuma kwa kanga, akunje magoti mpaka kiuno chake kilingane na cha mwenzake mfupi, halafu aende kutoka mstari hadi mstari kwa ubavu, bila visigino kukutana na bila kichwa kupanda. Safari ya nne mapaja yalianza kumtetemeka. Ya saba akasimama wima, akashika magoti, akacheka, akauliza kama anaweza kupumzika chini ya ringi. Nikamwambia apumzike mahali popote isipokuwa pale.

Akapumzika kwenye mstari. Kisha akakunja magoti tena.